Ndonya ya Dar es Salaam

Asubuhi mjukuu wangu akikaa kizingitini kupaka viatu vyake rangi, mimi natoka. Nachukua ndoo hata kama maji yamejaa mtungini, naenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka amalize. Majirani hapa Magomeni ya Mtwara wameshanizoea. "Bibi Somoe anakimbia viatu!" wanasema, wanacheka. Nami huwaambia ile harufu inanipanda kichwani. Wanaridhika, maana mzee akisema kichwa kinamuuma nani atabisha?

Lakini juzi juzi hapa, kabla korosho hazijaanza kudondoka, tumemzika Mama Mdogo Fatu, mdogo wake mama yangu. Niliporudi mazikoni nikajiona nimebaki peke yangu mwenye kuijua habari ya ile harufu. Nikasema, basi niiandike. Shule mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisomea zaidi nje ya darasa kuliko ndani, kwa uchelewaji. Kwa hiyo nikipinda njia mnisubiri, nitarudi.

Nyie wa rika langu mliokulia huku kusini mnaijua ndonya. Watoto wa siku hizi wanaiona kwenye vinyago tu, wanafikiri fundi kazidisha. Hakuzidisha. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo, kipande cha mpingo cha mviringo, kipana kama mfuniko wa chupa kubwa ya mafuta, kimekaa katika tundu la mdomo wake wa juu. Kilikuwa cheusi, kinang'aa kwa miaka ya mate na mafuta ya nazi. Aliyemchongea alikuwa babu, tena si mara moja. Tundu likitanuka, babu anachonga nyingine. Hiyo ya mwisho aliichonga karibu na kufa kwake, kwa hiyo haikupata mdogo wake.

Bibi akinywa uji, ndonya ilikuwa inagonga kwenye bakuli. Tak. Mimi nilikuwa namjua bibi kwa ile tak kuliko kwa uso wake. Na nilikuwa nafikiri, msinicheke, nilikuwa nafikiri kila mwanamke akizeeka ndonya inaota yenyewe, kama ndevu zinavyomwota beberu. Asubuhi nikiamka najipapasa mdomo wa juu nione kama imeanza. Siku moja kilitoka kipele pale, nikazunguka nacho kijiji kizima kwa majivuno.

Na tena nilikuwa nafikiri jambo jingine, hili ndilo lililonikaa zaidi. Nilifikiri ile ndonya ni sahani. Maneno ya bibi yanatoka tumboni, yanatua pale kwanza, yanapoa, ndipo yanakuja kwetu. Mama Mdogo yeye maneno yake yalikuwa ya moto, yanaunguza, na nilijua kwa nini: hana sahani.

Mimi nililelewa na bibi. Baba alivuka Ruvuma kufuata mwanamke mwingine, akabaki huko huko, sina la kumsema. Na mama, kila jioni tukishaosha vyombo bibi alinipa kipande cha mama. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaita, mimi naye. "Bibi, nipe kipande cha mama." Ananipa. Alianzia mbali, siku mama alipozaliwa, alivyotanguliza miguu, wakunga wakasema huyu atakuwa mtembezi. Kesho yake kipande kingine, mama kapanda juu ya mkorosho kagoma kushuka mpaka aahidiwe nazi. Mama na pengo lake la meno ya mbele. Mama anavyocheka huku kajishika goti, kana kwamba kicheko kitamwangusha. Bibi hakuwa na haraka. Siku nyingine kipande ni kidogo, mama kalala tu, kaota ndoto, kaamka. Mimi nilikuwa naridhika. Nilikuwa namwona mama anakua, karibu tunalingana, halafu akanipita, akawa mwari, akaolewa.

Sasa watoto wenzangu walikuwa na lao. Tukigombana kwenye kombolela walikuwa wananiimbia, "Somoe hana mama, mama yake kapanda meli!" Maana yake kakimbilia Dar. Na mimi niliamini. Kwa nini nisiamini? Kila kilichopotea kwetu kilikuwa Dar. Magogo ya mpingo yalipakiwa, yakaenda Dar. Korosho, Dar. Wachongaji wote wenye mikono yao waliondoka mmoja mmoja, ukiuliza unaambiwa yuko Dar, anawachongea wazungu. Mama Mdogo Fatu aliolewa na kuli wa bandari, akaenda Dar. Hata leo gesi yetu ya Madimba si inapita chini ya ardhi inakwenda huko huko? Basi na mama yangu alikuwa Dar. Sikuwa na uchungu naye. Nilikuwa nangoja tu vipande vyake vifike mpaka pale alipopanda meli, nijue alivaa nini, ili nikimwona nimtambue.

Kipande kilichofika mwisho kilikuwa hiki. Mama ana mimba yangu, tumbo kubwa kama mtungi, kakaa kwenye mkeka, anamwambia bibi, "Mama, natamani pweza." Si pweza mbichi, anataka pweza mkavu wa kuchoma, wa kule Mnazi Bay, na hapo ni msimu wa upepo wa kusi, wanawake hawaendi mwambani. Bibi akaniambia, "Kesho nitakwambia alimpataje."

Kesho yake mchana bibi alikuwa anatafuna muhogo mkavu, ndonya ikapasuka. Hakuna aliyemgusa. Kiangazi kilikuwa kikali, na mti hata uwe mpingo una siku yake. Nilisikia tak, lakini haikuwa ile. Akatoa vipande viwili mdomoni, akavitazama kiganjani, akavifunga kwenye pindo la kanga.

Mdomo usio na ndonya, kwa mtu aliyeizoea tangu usichana, ni kitu cha kusikitisha. Lile tundu linalegea, mdomo unaning'inia, uji unamwagika, mate yanatoka bila ruhusa. Bibi alianza kujifunika kanga mpaka puani. Akawa anakula peke yake chumbani, kanipa mgongo. Msibani haendi, harusini haendi. Na maneno yakakauka. Akitaka maji ananyoosha kidole. Jioni nikamwambia, "Bibi, nipe kipande cha mama," akatikisa kichwa, akanipapasa, akalala.

Mama yangu akabaki pale pale, juu ya mkeka, na tumbo lake, anatamani pweza.

Mwezi ukaandama, mwingine ukaandama. Nilikuwa nikilala namwona, hajala. Kijana mmoja wa kijijini, mchonga mipini ya majembe, alijaribu kumtengenezea bibi ndonya kwa mti wa mwembe. Ikanywa mate, ikavimba, ikapasuka siku ya tatu. "Mama, mimi ni wa mipini tu," akasema kijana, kainamisha kichwa. Hapo ndipo Mama Mdogo alipotuma salamu kwa mtu wa meli. Mleteni mama, huku Dar wachongaji wetu wametandika barabarani, wanauza kila kitu cha kwetu, na ndonya zipo, kawaona wageni wananunua kwa ukumbusho.

Kwa ukumbusho! Nilimuuliza bibi, wageni nao wamepasukiwa ndonya zao? Akacheka ndani ya kanga. Nadhani ndicho kicheko pekee cha miezi ile.

Tukapanda meli. Ya melini sitaki hata kuyasema, nilitapika kutoka Mtwara mpaka bandarini, bibi ananishika shingo. Mkononi ana kikapu cha korosho za kubanika na makopa ya muhogo, na kwenye pindo la kanga vile vipande viwili. Mimi moyoni nina safari yangu. Bibi anakwenda kununua ndonya. Mimi nakwenda kumtafuta mama.

Mama Mdogo alikuwa na chumba kimoja Temeke, na mumewe, baba mdogo, alituachia kitanda, akahamia kwa rafiki yake. Mtu mwema yule, Mungu amrehemu, alikuwa ananuka mafuta ya winchi hata siku ya Ijumaa. Asubuhi Mama Mdogo akavaa gauni lake la kutokea, akamfunga bibi kanga mpya, akasema, "Mama, huko kuna watu wa kila namna. Ukitaka kitu niambie mimi. Usianze kushikashika."

"Bila kushika?" bibi akauliza. Kwa shida, maana sauti ilitoka imejaa upepo, na mate yakafuata. Akajifuta upesi.

"Mimi ndiye ninayenunua, mama. Wewe chagua kwa macho."

Sasa pale tulipofika, kando ya barabara kubwa, niliduwaa. Vinyago vimepangwa chini kwenye magunia, vingine vimeegemea mti, vikubwa kwa vidogo. Vizee vya mkongojo, akina mama na mitungi kichwani, mashetani yenye sikio moja. Na nusu ya wale wanawake wana ndonya! Watu wa kwetu watupu. Wageni wanapita katikati yao, wanainama, wanageuza, wanagongagonga kwa kucha. Bibi alisimama. Akawatazama wale wanawake wa mti mmoja mmoja, na mkono wake uliokuwa umeshika kanga usoni ukashuka kidogo. Mzungu mmoja mwanamke akamwona, akamwona vizuri, akamgusa mwenzake. Mama Mdogo akaivuta kanga ya bibi juu.

Mchongaji tuliyemwendea alikuwa kijana wa kutoka Newala, miguu yake imeshika kinyago anakisugua. Mama Mdogo alimjua, alikuwa akipita pale akienda sokoni. Jina lake Chilumba. Bibi akamsalimu Kimakonde, naye akaruka kusimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Karibu mama, karibu. Mmekuja lini? Huko mvua vipi?"

"Mvua ya kutupa," akajibu Mama Mdogo. "Tunataka ndonya."

"Zipo!" Akavuta sinia lililojaa vitu vidogo vidogo, vikuku, vitana, vijiko vya kuchezea, na katikati ndonya nyeusi tititi, zinang'aa kama macho ya paka. "Hizi wageni wanazipenda sana, wanaenda kuweka mezani. Unampelekea nani, dada?"

Bibi akashusha kanga.

Chilumba akanyamaza. Aliutazama ule mdomo, akatazama sinia lake, akautazama tena. Mimi sikuelewa kwa nini mtu mchangamfu vile kanyamaza ghafla. Nilifikiri kaona aibu kwa kuwa bibi ni mkubwa na yeye hajamwamkia vya kutosha.

"Mama," akasema polepole, "hizi... hizi ni za kuweka mezani."

"Ndonya ni ndonya," Mama Mdogo akamkata. "Au unataka kutupandishia bei kwa kuwa umeona shida yetu?"

"Si hivyo, dada."

"Mpingo au si mpingo?"

Kijana akatazama pembeni. Wale wageni walikuwa wamesogea, wamesimama wanasikiliza lugha wasiyoijua. "Mpingo," akasema.

Nami hapo sikuwa nasikiliza tena, maana nilikuwa nimemwona. Nyuma ya sinia, kaegemea gunia, mwanamke wa mti urefu wa mkono wangu, kakaa, tumbo kubwa kama mtungi. Mdomo kaufungua kidogo, na mbele, hapa, pengo. Fundi kamwachia pengo. Mkono mmoja umeshika goti.

Jamani.  Mtu wa kuchonga anachonga alichokiona, hilo nililijua, babu alikuwa akimchonga bibi. Kwa hiyo huyu kamwona mama yangu. Nikamvuta Chilumba shati. "Mjomba, huyu anakaa wapi?"

"Nani?"

"Huyu. Uliyemchonga."

Akacheka, nafikiri alifurahi kupata pa kuyaweka macho yake. "Huyu anakaa hapa," akajigonga paji la uso.

"Alishampata pweza?"

"Ati nini?"

"Somoe!" Mama Mdogo akanitikisa bega. "Wacha kusumbua watu." Lakini bibi alikuwa ananitazama. Alinitazama mimi, akakitazama kile kinyago, akanitazama tena, muda mrefu. Halafu akachukua ndonya moja kwenye sinia, akaiweka kiganjani, akakipandisha na kukishusha kiganja kama mtu anayepima chumvi. Akasema kitu cha kuniacha hoi kwa mshangao, maana ilikuwa sentensi nzima, nami nilikuwa sijamsikia sentensi nzima tangu kiangazi.

"Kijana, una bakuli la maji?"

Mpingo unazama, mnajua. Ukiutia majini unakwenda chini kama jiwe. Chilumba alijua, na bibi alijua kwamba anajua.  Kijana alikuwa na kibuyu cha maji kando yake, akakisogeza mbele taratibu kwa mguu, kama anayesema haya, chukua, unisute. Lakini Mama Mdogo akamshika bibi mkono. "Mama, usituaibishe mbele za watu. Mtu kasema mpingo. Hapa si kwetu, hapa hawatii vitu vya watu majini."

Bibi akamtazama mwanawe. Yule na gauni lake la kutokea, jasho limemtoka puani, kafurahi kwamba leo anamnunulia mama yake kitu mjini. Akanitazama mimi, nimeshikilia bado shati la mjomba wa watu. Akasema, "Nipe hii."

Wakapatana. Chilumba alitaja bei ndogo mno hata Mama Mdogo akashuku, kisha akamwongezea bibi kitana bure. Tulipoondoka niligeuka. Yule mama wa mti alikuwa pale pale na tumbo lake. Nikamnong'oneza, nakuja.

Jioni ile Temeke ilikuwa sikukuu. Bibi alikaa juu ya kitanda, akapaka mafuta ya nazi kwenye tundu, akaisukuma ndonya ndani taratibu. Ilikaa. Akajitazama kwenye kioo cha Mama Mdogo, akaviringisha mdomo, akasema, "Haya." Ile haya! Haina upepo, haina mate. Mama Mdogo akapiga kigelegele cha chini, cha nyumba ya kupanga. Tukala wali pamoja, sinia moja, bibi katikati, na akinywa maji niliisikia. Tak. Nyepesi kidogo, lakini tak.

Na chumba kilinuka. Harufu kali, tamu, ya kupanda puani, sijapata kuinusa kabla. Nilijua moja kwa moja ni harufu ya Dar.

Mama Mdogo akatoka kumpelekea mumewe chakula. Tukabaki wawili, na koroboi. Sikungoja. "Bibi, nipe kipande cha mama."

Akapiga kitanda, nikapanda. "Tuliishia wapi, mke mwenzangu?" Alikuwa akiniita hivyo akifurahi.

"Pweza."

"Aaa. Pweza." Akavuta pumzi. "Babu yako alikwenda Mnazi Bay kwa miguu, na kusi ile. Akarudi na pweza mmoja, mkavu kama kamba. Tukamchoma. Mama yako akamla mzima, hakumpa mtu, hata mkia."

"Pweza ana mkia?"

"Huyo alikuwa nao. Akala, akalamba vidole, akasema, mama, mtoto huyu atakuwa mlafi. Usiku ule ule uchungu ukaanza, ukazaliwa wewe."

Nikacheka nikajishika goti. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Na hapo nikaona kwenye pembe ya mdomo wa bibi kitu cheusi kinateremka. Mstari mwembamba, kama wino. Akaufuta kwa kanga, akaendelea kusema, mstari mwingine ukaja. Meno yake yamekuwa meusi, ulimi mweusi. Sikuogopa. Nilijua ni nini. Ni yale maneno ya miezi yote aliyoyameza, yameozea tumboni, sasa yanatoka. Nikafikiri, yatoke yote.

"Akakunyonyesha," bibi akasema. "Ukatambaa. Akapata mimba nyingine." Akafuta mdomo. "Somoe. Leo ulikuwa unamuuliza yule kijana nini?"

"Nilimuuliza mama anakaa wapi."

"Mama yako yuko Dar?"

"Si alipanda meli?"

Bibi alinishika kichwa, akakilaza mapajani pake, ili nisimwone uso, naelewa sasa. Nikawa nasikia sauti tu juu yangu, na ile harufu.

"Mama yako hajapanda meli hata siku moja. Ile mimba ya pili ilimshinda. Alikufa nayo, mikononi mwangu, mvua za kwanza. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya ule mkorosho aliogoma kushuka. Pale unapokaa kubangua korosho. Hakukuacha, mama. Kila siku unamkalia."

 Nilikuwa nautafuta ule mkorosho akilini, tawi lake la chini, vumbi lake, na yale mawe nisiyojua kwa nini yamepangwa. Kisha nikauliza swali la kitoto, "Kwa nini hukuniambia mwanzo?"

"Nilikuwa nakuja huko. Nilitaka kwanza umpate, ndipo nikwambie umempoteza. Ningekwambia tangu mwanzo ungelilia nini? Humjui." Tone likaniangukia sikioni. Nikaligusa, jeusi. "Halafu ile ndonya ikapasuka, ukabaki na mama nusu. Nimekuona leo unamvuta mtu shati. Sikuweza kungoja mpingo."

Tulilia pale mpaka Mama Mdogo akarudi. Aliingia, akauona uso wa bibi, weusi umetapakaa mpaka kidevuni, na mimi sikio na shavu vyeusi, akaangusha sahani. Akamtoa bibi ile ndonya kwa mikono yake. Ndani ya tundu nyama imekuwa nyekundu, imevimba. Akaitupa ndonya kwenye ndoo ya maji, na nakumbuka tulitazama wote watatu. Haikuzama. Ilielea, inazunguka polepole, na rangi ikawa inatoka pembeni yake, duara nyeusi juu ya maji. Mti wa ndani ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Kumbe ni rangi ya viatu. Kopo la rangi ya viatu na kitambaa, ndivyo vilivyofanya mpingo.

"Nitamrudia yule mshenzi!" Mama Mdogo akasema. "Nitamvunjia sinia lake kichwani!"

"Kaa chini, Fatu," bibi akasema. Upepo ulikuwa umerudi katika sauti yake. "Kijana hakunidanganya. Alinisogezea maji."

"Ulijua?"

"Mpingo una uzito wake."

"Ulijua, mama, ukaiweka mdomoni? Kwa nini?"

 Bibi alinyoosha kidole, akaninyooshea mimi.

Mama Mdogo akakaa chini sakafuni, kwenye maji na vipande vya sahani, akalia kuliko sisi wote. Nyie wenye watoto wakubwa mnajua kile kilio, cha mtu aliyetaka kufanya vizuri.

Tukarudi na meli ile ile. Safari hii sikutapika, sijui kwa nini. Tulipofika kijijini sikuingia ndani, nilizunguka nyuma. Mkorosho ulikuwepo, na mawe yake, na kigogo changu cha kukalia. Nikasogeza kile kigogo pembeni. Nilisimama pale nikawa sijui la kumwambia, maana sikuwa nimewahi kumwamkia. Nikasema, "Shikamoo." Nikangoja.

Mdomo wa bibi haukupona sawasawa. Ule mwaka Chilumba alituma ndonya ya mpingo, ya kweli, nzito, na salamu nyingi za kuomba radhi, aliipitisha kwa Mama Mdogo. Lakini tundu lilikuwa limekwishafanya kovu, limejikunja, halikuingia kitu. Bibi akaishika kiganjani, akaipandisha na kuishusha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa fundi sifa yake kwa kidole gumba. Akaifunga kwenye pindo pamoja na vile vipande viwili vya babu. Hakunipa tena kipande cha mama, nami sikuomba. Kilikuwa kimekwisha. Alikufa kabla mkorosho haujachanua tena, tukamlaza hapo hapo, kushoto kwa mwanawe.

Ile nyingine, ya rangi ya viatu, niliiokota ndooni kule Temeke, nikaja kuichimbia pale chini ya mkorosho, kwa akili zangu za kitoto. Mvua ikailowesha, mchwa wakaila. Mpingo mchwa hawauwezi, ule mti waliuweza kwa wiki. Hakikubaki kitu cha kushika. Ndiyo maana nasema imebaki harufu.

Mjukuu wangu anamaliza viatu vyake, ananiita, "Bibi, rudi, nimemaliza!" anaondoka mbio, kachelewa, karithi kwangu. Nami nikisikia geti la jirani limegonga najua kafika njiani. Naingia. Kopo kaliacha wazi, kama kawaida yake. Nakaa pale kizingitini, naliinua mpaka puani, nanusa kidogo tu. Pweza analiwa. Mama analamba vidole.

Halafu nalifunika vizuri, lisikauke.